Kazi za vikundi vyuo vya ualimu zisifutwe, ziandikwe kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kazi za vikundi katika vyuo vya ualimu zifutwe, kila mwanachuo aandike yake na apate alama zake. Hoja yake kubwa ni kwamba kikundi kimekuwa maficho ya wavivu: kumi wanaandikwa majina, wawili wanafanya kazi. Kuhusu wavivu amesema kweli tupu. Mimi ushahidi ninao mwingi kuliko yeye na nitautoa hapa bila kuficha. Hukumu yake ndiyo inayonishinda kuikubali, na sababu zangu nimezipata mahali ambapo sidhani kama yeye amewahi kukaa, yaani nyuma ya meza ya steshenari.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilianzia kazi Iringa, nikahamishiwa Dar es Salaam, na nilipolipwa kiinua mgongo nikafungua steshenari Gongo la Mboto, si mbali na wanapogeuzia daladala. Nina kompyuta mbili, printa inayotoa na kopi, mashine ya kubaindi, na benchi la mbao nje chini ya turubai. Ukiacha watu wa kopi za vitambulisho vya NIDA na barua za mtendaji wa mtaa, wateja wangu ni wanachuo wa ualimu wa vyuo viwili vitatu. Vyuo sivitaji. Ninachokieleza hakina chuo. Wenzangu wenye steshenari Temeke na Kimara wananisimulia yaleyale.

Kazi ya kikundi huzaliwa hivi. Mkufunzi anatoa swali lenye vipengele kuanzia (a) mpaka (f), anakata orodha ya darasa watu kumi kumi, anataja tarehe ya kukusanya. Kikundi kinakutana mara moja, wengi wao wakiwa wamesimama na mabegi mgongoni, na ajenda ni moja tu: nani achukue kipengele gani. Sita wanapata vipengele. Wanne waliobaki wanapangiwa kuchangia hela ya kuchapa. Baada ya hapo kila mtu anashika njia yake. Siku moja kabla ya kukusanya, jioni, vipande vinaanza kuingia dukani kwangu. Kimoja kimeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika kaunta buku. Kingine ni picha ya WhatsApp iliyopigwa gizani, kivuli cha kidole kimefunika mistari mitatu. Kingine kiko kwenye flashi iliyojaa virusi. Cha mwisho kabisa huwa hakijaandikwa: kiongozi wa kikundi ananiwekea simu sikioni nichape anayoyasema mwenzake aliyekwama kwenye foleni ya kurudi Chanika.

Mimi ndiye ninayeviunganisha, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu siwezi kuchapa bila kusoma. Kipengele (b) kinasema mbinu shirikishi ni zile zinazomfanya mwanafunzi kuwa mtendaji mkuu. Kipengele (d) kinautaja mhadhara kuwa miongoni mwa mbinu shirikishi. Maana ya tathmini imetolewa ukurasa wa kwanza, ikatolewa tena ukurasa wa saba, na hizo maana mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Namwuliza kiongozi: "Mwanangu, hapa mmesema hivi na kule mmekana. Kikundi kinasimama wapi?" Jibu nimelizoea: "Mama, wewe unganisha tu. Mkufunzi hawezi kuzisoma zote."

Kinachobishaniwa kwa dhati ni kava. Namba za usajili lazima ziwe sahihi, na majina lazima yawemo. Usiku napigiwa simu na watu nisiowajua: "Shikamoo Mwalimu, mimi ni wa kikundi cha tatu, usisahau jina langu." Asiyechangia anatolewa, akituma hela kwa simu anarudishwa, na yote hayo nayafanya mimi kwenye kompyuta wakati kiongozi amesimama nyuma yangu ananielekeza. Kwa hiyo msomaji mwenzangu alipoandika kwamba watu wanapata alama kwa jina tu, hakukosea. Hata bei ya jina naijua. Ila mtu pekee aliyeisoma kazi nzima kuanzia kava mpaka marejeo ni mimi, na mimi simo.

Sasa hiyo tunaiitaje kazi ya kikundi? Hiyo ni kazi ya mtu mmoja mmoja iliyobaindiwa pamoja. Hakuna aliyeketi na mwenzake, hakuna aliyebadilisha neno la mwenzake, hakuna aliyeambiwa "hapa sijakuelewa". Msomaji mwenzangu anataka kufuta kitu ambacho, kwa ninavyokiona kutoka kwenye meza yangu, bado hakijaanza.

Kinachonichekesha, na siku nyingine kuniudhi, ni kwamba nyingi ya kazi hizo zinahusu kujifunza kwa kushirikiana. Jina la Vygotsky nimelichapa mara nyingi kuliko la marehemu mume wangu. Najua alikuwa mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, na kwamba alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Najua alisema kuna pengo kati ya analoliweza mtoto akiwa peke yake na analoliweza akisaidiwa na mtu mzima au na mwenzake anayemzidi kidogo, na kwamba mwalimu hodari analenga kwenye pengo hilo. Wanachuo wanaliandika hilo vizuri sana, kila mmoja chumbani kwake, kwa kunakili desa, yaani kazi ya zamani inayopokezanwa, la mwaka juzi. Desa nalitambua kwa makosa yake. Kuna kazi ya zamani iliyoandika "Vigosky", na mpaka leo huyo Vigosky ananirudia kila muhula. Namsahihisha, muhula unaofuata anaingia tena mlangoni na kava jipya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pendekezo la kila mtu aandike yake. Kazi za mtu mmoja mmoja nazo zinapita kwangu, Mhariri. Desa linatembea humo kuliko hata kwenye vikundi. Na siku hizi kuna maandishi yanayotoka kwenye programu za akili mnemba: safi, hayana kosa la tahajia, vichwa vya habari vimepangwa, na ndani yake huoni darasa wala mtoto. Juzijuzi vijana kadhaa wa darasa moja wameniletea kazi za "kila mtu yake" ambazo ukizipanga mezani hujui ipi ya nani. Tukifuta vikundi, mkufunzi aliyekuwa anapokea kazi kumi za kuunganisha atapokea kazi mia za namna hiyo. Kumtenga mtu na wenzake hakumlazimishi kufikiri.

Nieleze nilichokishuhudia muhula uliopita, maana bila hicho nisingeandika barua hii.

Umeme ulikatika mchana. Kwenye benchi langu walikuwapo wanachuo wanne wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, hayo wanayoyaita BTP. Mkufunzi wao alitaka kila watu wanne walete andalio moja la somo la Hisabati kwa Darasa la Nne, kulinganisha sehemu. Walikuwa na andalio la kunakili kwenye flashi, na flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta iliyozimika. Kusubiri kukawachosha. Wakaniomba karatasi, nikawapa zile zilizoharibika kwenye printa, zimechapwa upande mmoja.

Binti mmoja akashika kalamu akaandika sentensi ambayo kila mwalimu wa nchi hii ameshaiandika: "Mwalimu atawaongoza wanafunzi kujadili ipi ni kubwa kati ya robo na theluthi." Akawasomea. Kijana mmoja mpole, aliyekaa mwisho wa benchi, akamwuliza: "Utawaongozaje?"

"Nitawauliza swali."

"Swali gani? Niulize mimi, nifanye ndiye mtoto."

"Haya. Ipi kubwa, robo au theluthi?"

"Robo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ina nne chini, na nne inaizidi tatu."

Walicheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na la kumwambia mtoto huyo zaidi ya "umekosa". Mtoto huyo namjua. Nimekutana naye kila mwaka niliofundisha Hisabati: anaiona namba ya chini, anaichukulia kama namba nzima aliyoizoea, na kwa hesabu zake yeye yuko sahihi. Ukimwambia amekosa bila kumwonyesha, atakariri jibu la mtihani na imani yake ataondoka nayo.

Wakaanza kubishana. Wa tatu akaleta chapati: chapati moja wagawane watu watatu, nyingine wagawane wanne, nani atashiba? Wa nne alikuwa mama mtu mzima, amewahi kujitolea kufundisha shule moja upande wa Mbagala. Akauliza, "Darasa langu lilikuwa na watoto mia na ishirini. Hizo chapati nazikaanga mimi?" Wakahamia kwenye karatasi: kila mtoto achane ukanda kwenye daftari akunje. Wakajaribu wenyewe pale pale. Nusu ikakunjika, robo ikakunjika. Theluthi ikawatoa jasho. Kukunja ukanda utoe sehemu tatu sawasawa si rahisi hata kwa mtu mzima, na kipande kimojawapo cha theluthi kikatoka chembamba kuliko robo ya jirani. Yule mama akakinyanyua: "Mtoto akipata hiki, tumemthibitishia kwamba robo ni kubwa."

Yule binti wa kalamu ndiye aliyesema wapime kwa rula ukanda wa sentimita 12, kwa kuwa 12 inagawanyika kwa nne na kwa tatu: robo sentimita 3, theluthi sentimita 4. Mama akakataa tena, rula darasani ni za wachache. Hapo kijana mpole akaigeuza ile karatasi ya daftari, akawaonyesha mistari. Kila daftari lina mistari. Hesabu mistari 12 kwenda chini, robo ni mistari mitatu, theluthi ni minne, na mtoto hahitaji chochote asichokuwa nacho.

Nilidhani wamemaliza, kumbe bado. Mama akasema theluthi yenyewe ni ngeni kwa mtoto, hakuna anayetumwa dukani theluthi ya sukari. Robo anatumwa, nusu anatumwa. Basi tuanzie dukani. Nusu kilo na robo kilo, mfuko upi mzito? Kila mtoto wa Dar es Salaam atajibu nusu, hata aliye wa mwisho darasani. Kisha mwandikie ubaoni moja ya mbili na moja ya nne, umwulize mbona yenye mbili imeizidi yenye nne. Imani yake inapingwa na mfuko wa sukari alioubeba mwenyewe.

Sentensi ya mwanzo ikafutwa. Iliyochukua nafasi yake ninayo hapa, kwa sababu karatasi waliniachia:

"Mwalimu atauliza: Mama amekutuma nusu kilo ya sukari, jirani amekutuma robo kilo. Mfuko upi mzito? Wakijibu nusu, ataandika ubaoni 1/2 na 1/4 na kuuliza: Nne ni kubwa kuliko mbili, mbona robo imekuwa ndogo? Atasikiliza majibu matatu au manne bila kusahihisha. Kisha kila mtoto atachora kwenye daftari kanda mbili zenye mistari 12, moja atatia rangi robo yake, nyingine theluthi yake, na atasema mwenyewe ipi kubwa na kwa nini."

Nimekagua maandalio ya walimu miaka mingi nikiwa mwalimu wa taaluma. Hilo "bila kusahihisha" ningewapa alama hata kama mengine yote yangekuwa mabovu. Lilizua ubishi peke yake: binti alitaka mwalimu asahihishe papo hapo, mama alisema ukimsahihisha wa kwanza, waliobaki watanyamaza.

Umeme uliporudi kiongozi akataka nichape haraka, na jedwali la andalio likaleta shida. Visanduku vya shughuli za ufundishaji na shughuli za ujifunzaji ni vyembamba, vimekatwa kwa kipimo cha "Mwalimu atawaongoza wanafunzi". Akaniomba nifupishe. Nikakataa, nikapanua visanduku.

Sasa nimrudie msomaji mwenzangu. Kwa kipimo chake, yule kijana mpole ni mvivu. Hakushika kalamu, hakuandika hata mstari mmoja, na kama mkufunzi angeuliza nani kaandika kipengele gani, asingekuwa na cha kuonyesha. Lakini toa swali lake la "niulize mimi, nifanye ndiye mtoto", na andalio lote linarudi kuwa ile sentensi ya kwanza. Kalamu ya binti ilikuwa ya wote wanne. Na hakuna kati yao aliyefika dukani kwangu akiwa na jibu hilo kichwani. Kama lingekuwa la mmoja, angeliandika mwenyewe nyumbani.

Wapo watakaosema hayo ni majadiliano, na majadiliano vyuoni yapo tele. Yapo, ndiyo. Lakini katika mjadala mtupu kila mtu huondoka na lake, na mwenye sauti kubwa huondoka akidhani ameshinda. Mnapotakiwa kutoa sentensi moja ambayo wote mtaitetea, ndipo inapojulikana kwamba mwenzako hakukuelewa, au kwamba wewe mwenyewe hukujua ulichotaka kusema. Kwa mwalimu mtarajiwa hilo ndilo zoezi lenyewe la kazi atakayoifanya, kwa sababu atakapoingia darasani atakuwa mbele ya watu wasioelewa alichokisema, na wengi wao hawatamwambia.

Nikiwa Iringa padre mmoja Mwitaliano aliniazima kitabu kilichoandikwa na vijana wanane wa shule ya Barbiana, kijiji cha milimani karibu na Florence. Padre Lorenzo Milani alipelekwa huko mwaka 1954, akaanzisha shule kwa watoto wa wakulima ambao shule za serikali zilikuwa zikiwakaririsha madarasa na kuwaacha njiani. Vijana hao waliandika barua ndefu kwa mwalimu, ikatoka mwaka 1967, mwaka ambao padre mwenyewe alifariki. Jinsi walivyoiandika ndiko kulikonivutia kuliko hata malalamiko yao. Kila wazo liliandikwa kwenye karatasi yake, upande mmoja tu. Siku ikafika wakazimwaga zote kwenye meza kubwa, wakatoa zilizorudiwa, wakazipanga mafungu, mafungu yakawa sura. Baada ya hapo wakashindana kutafuta cha kuondoa: neno lililozidi, neno gumu, sentensi iliyobeba mambo mawili. Mwisho wakawaita watu wa nje, hasa wasiosoma sana, wakawaomba waisome kwa sauti, waone kama wameelewa kilichokusudiwa. Walikuwa watoto wa wakulima wa milimani, hawana kompyuta, hawana intaneti.

Mwaka huohuo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasisitiza kwamba shule ifundishe watu kuishi na kufanya kazi pamoja. Sisi hiyo "pamoja" tukaipeleka kwenye shamba la shule. Jembe tulishika wote, kalamu ikabaki ya mtu mmoja mmoja. (Najua wapo watakaoninunia kwa hilo. Nililima mashamba hayo, nina haki ya kusema.)

Na si kwamba mwanachuo akiajiriwa ataachwa peke yake. Walimu wa Japani wana desturi ya muda mrefu ya kuandaa somo moja kwa pamoja, mmoja akafundisha, wenzake wakakaa nyuma wakitazama watoto, kisha wakaliandika upya. Hapa kwetu tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo walimu wa shule moja wanatakiwa kuketi na kusaidiana juu ya masomo yanayowasumbua. Mwalimu aliyehitimu kwa kugawana vipengele anafika kwenye kikao hicho na kufanya alichofundishwa: wewe andika hiki, mimi kile, tukutane Ijumaa.

Nadhani wakufunzi wengi wanajua haya. Wanashindwa kwa wingi wa wanachuo, na hapo naomba tupige hesabu pamoja. Darasa la watu mia likigawanywa kumi kumi linatoa kazi kumi za kurasa kumi na tano, yaani kurasa 150 ambazo kwa haki hakuna mwanadamu atakayezisoma. Ligawanywe wanne wanne, kila kikundi kiandike kurasa mbili tu, juu ya jambo moja dogo kama lile la robo na theluthi. Zinakuwa kazi 25, kurasa 50. Watu wanne hawana pa kujificha. Kipengele kikiwa kimoja hakigawanyiki. Iandikwe humohumo darasani, vipindi viwili vikifuatana, wakufunzi wakipita katikati ya meza. Na rasimu ziambatanishwe, zenye mikato na mishale yake, zipewe alama kama kazi safi inavyopewa, maana desa halina rasimu na akili mnemba haifuti mstari mbele ya mwenzake. Siku ya kukusanya, mkufunzi achague mtu yeyote katika kikundi, aweke kidole kwenye sentensi yoyote, aulize: hii kwa nini mliiandika hivi? Akishindwa mmoja, wote wanne wapungukiwe. Mtaona jinsi watakavyofundishana usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kuna jambo la lugha ambalo nalipita haraka, lina wenyewe. Wanachuo wa stashahada huandika kazi nyingi kwa Kiingereza, lakini benchini kwangu hubishana kwa Kiswahili. Ubishi wao mzuri unabaki benchini. Kinachofika kwenye karatasi ni sentensi za kunakili, kwa kuwa hizo angalau sarufi yake wanaiamini. Mkufunzi akiruhusu rasimu iwe kwa Kiswahili na kazi ya mwisho kwa Kiingereza, sioni sheria atakayokuwa ameivunja, na atasoma mawazo yao halisi.

Mimi katika haya napata hasara. Kuchapa ukurasa kwangu ni shilingi 1,000, na kurasa kumi na tano zikigeuka mbili, hesabu mnaiona. Kava nazo zitapungua majina. Lakini wale wanne wameshawaleta wengine. Sasa kuna vikundi vinavyokuja kukaa benchini na kalamu kabla ya kuniomba kuchapa chochote, na swali wanaloniuliza ni kama chuo kitapokea rasimu ya mkono iliyobanwa nyuma ya kazi safi, au kitaiona kuwa ni uchafu na kuwakata alama. Sina la kuwajibu. Wakufunzi wanaosoma gazeti hili naomba wanijibu kupitia ukurasa huuhuu, kabla vijana hawajaanza BTP.

Mwalimu mstaafu,
Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.